Mwalimu wa Kwaya na Hema Lake

Mwalimu wetu wa kwaya hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Alto, kwa kuwa ndiyo sauti niliyokuwa naimba. Hata mume wangu, ambaye hajawahi kuimba popote isipokuwa bafuni, Mwalimu alimwita Besi tangu siku ya kwanza alipomsikia akiitikia hodi. Kwa muda mrefu nilidhani majina yanamponyoka. Kumbe yote alikuwa nayo kichwani, ya kwetu na ya baba zetu. Siku moja nilipomuuliza, alisema jina umepewa na watu, lakini sauti umekuja nayo mwenyewe.

Alikuwa mtu mwembamba, mrefu, mwenye shingo iliyotangulia mwili kidogo, kana kwamba kila wakati anasikiliza kitu chumba cha pili. Alivaa tai hata juu ya pikipiki. Chini ya helmeti alivaa kofia ya sufu, na chini ya suruali ya kitambaa alivaa mabuti ya mvua, kiangazi na masika. Pikipiki yake nyekundu aliiosha kabla ya safari, si baada ya safari. Watu wa Machame walimcheka, kwa maana kabla ya kufika hata njia kuu tope lilikuwa limeshaifunika. Yeye alijibu kwamba ukienda kwa watu nenda msafi, na ukirudi kwako ni kwako.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka. Usharika wetu una mitaa mingi, mingine imepanda hadi karibu na msitu, mingine imeshuka mpaka kule kukavu ambako kahawa haikubali tena. Kila mtaa una kwaya yake, na kila kwaya ilimtaka. Alifungasha vitabu vya nyimbo ndani ya mifuko mitatu ya nailoni, akaweka mfukoni kile kichuma chenye meno mawili kinachotoa sauti ya kuanzia wimbo, akafunga hema kwenye keria, akaondoka. Hema halikukosekana. Watu wa mitaani walipoiona pikipiki inapanda, walisema Mwalimu amekuja na nyumba yake.

Kwenye mazoezi alikuwa mkali. Ukichelewa, alisimamisha wimbo, akakutazama mpaka ukae, kisha akaanza upya tangu mwanzo, ili kila mtu ajue umewagharimu nini. Sifa alizitoa kwa kijiko kidogo. Tukiimba vizuri kabisa alisema, "Haya, sasa tunaweza kuanza." Lakini kulikuwa na baba mmoja kwenye sauti ya tatu, mkulima wa kahawa, mtu wa kuwahi kuliko wote, ambaye sauti yake haikukaa popote. Ilipanda pale tunaposhuka. Tulisubiri kwa miaka afukuzwe. Mwalimu alimhamisha tu, akamsimamisha karibu naye kabisa, akawa anamwimbia sikioni huku akituongoza sisi kwa mikono. Mmoja wetu alipolalamika, aliambiwa kwamba kwaya si kiwanda, na huyu baba anakuja kwa sababu anahitaji kuja.

Hapo ndipo lilipokuwa fumbo lake. Alituhubiria kila wiki kwamba sauti moja peke yake si wimbo, kisha mazoezi yakiisha alikwenda kulala peke yake ndani ya kitambaa, nyuma ya kanisa, wakati nyumba zote za jirani zimemtandikia kitanda. Tena alikuwa anaogopa radi. Ikipiga hata kwa mbali, alishika kifundo cha tai yake na kunyamaza. Mtu anayeogopa radi, na analala nje.

Sababu aliniambia mimi siku moja kibandani kwangu Kiboriloni, ninakoshonea nguo mpaka leo. Alikuwa ameleta majoho ya kwaya yapunguzwe. Alisema alipokuwa kijana, ndiyo kwanza anaanza kuzunguka, alilazwa katika nyumba moja ya watu wenye hali ngumu. Alikula kuku, akalala kitanda kizuri. Alfajiri alitoka nje kujisaidia, akaona watoto wa nyumba ile wamelala jikoni juu ya majani ya ng'ombe, na sufuria ya jana imekwanguliwa ikang'aa. Akajua amekula chakula chao na amelalia kitanda chao. Toka hapo aliapa hatakuwa mzigo tena kwa mtu yeyote. Alikubali chai, alikubali ndizi moja ya kuchoma, basi. Usiku alikuwa wa kwake mwenyewe.

Nilimwelewa. Hata hivyo jambo hilo halikunikaa vizuri, kwa sababu ukienda nyumbani kwake yeye, hukutoka bila kula. Alikushikilia mkono mlangoni.

Mahema yake ya mwanzo yalikuwa aibu. La kwanza lilikuwa refu, lenye madirisha, mtu anasimama ndani na kuvaa suruali. Upepo wa kule juu ulilichomoa kama mwavuli, ukalipeleka kwenye shamba la mahindi la watu pamoja na suruali yenyewe. La pili lilikuwa jipya, zuri, limechorwa maua pembeni. Fito zake zilikuwa za nyuzi za plastiki ngumu. Mmoja ulipasuka kwa urefu, ukatoboa kitambaa, na maji yakaingia usiku kucha juu ya vitabu vya nyimbo. Aliniletea nilishone. Nikashona, nikaziba. Akarudi nalo limechanika pembeni mwa mshono wangu. Nikashona tena. Safari ya tatu nilimwambia ukweli: Mwalimu, nguo hii imekufa. Nikiishika hapa inaachia pale. Tafuta hema la mvua, hili lilikuwa la picha.

Akafikiri kidogo, akasema basi twende wote, kwa kuwa mimi macho yangu yanajua mshono.

Tulikwenda Moshi mjini kwa muuzaji mmoja aliyekuwa mpagazi mlimani kwa miaka mingi kabla magoti hayajamkataza. Aliuza vifaa vilivyostaafu pamoja naye: mabuti, makoti, mifuko ya kulalia, mahema. Mwalimu alimsikia akisalimia, akamwita Tena, yaani sauti ya tatu, hapohapo, akamweleza shida yake kama mtu anayemweleza daktari. Anapanda na pikipiki. Anafika jioni, ameshalowa. Upepo wa msituni unapiga kutoka juu, mvua inakuja kwa ubavu. Anataka hema ambalo halitamtia aibu mbele ya waumini.

Muuzaji alimwonyesha kwanza lile refu kuliko yote, labda kumpima. Mwalimu akatikisa kichwa. Yule bwana akacheka, akasema ni kweli, hema refu ni zuri kwa kusimama, lakini upepo nao unapenda kukutana na kitu kilichosimama. Akatoa mengine matatu, ya chini, yaliyoinama kama mgongo wa kobe.

Tulichukua nusu ya siku. Mimi niligeuza kila moja ndani nje, nikipitisha kidole kwenye mishono, maana mshono wa hema hubandikwa utepe kwa ndani, na utepe ukianza kubanduka maji yameshaipata njia. Moja lilikuwa na utepe unaobanduka, na jingine nililikataa kwa harufu tu. Lilikuwa limefungwa likiwa limelowa, likaota ukungu. Mwalimu alishughulika na fito. Za plastiki hakuzigusa tena. Zile za alumini alizishika moja moja kwa vidole viwili, akazigonga kwa kile kichuma chake, akasikiliza. Wateja wengine walisimama kutazama. Kipande kimoja kilitoa sauti iliyokufa. Akakipa muuzaji, na muuzaji alipokiangalia vizuri kwenye jua aliona ufa mwembamba kama unywele, akaenda kutafuta kipande kingine huku akitikisa kichwa kwa furaha.

Kisha Mwalimu aliomba ndoo ya maji. Hema lililobaki likasimamishwa uani, likiwa na vitambaa viwili, cha ndani cha kupitisha pumzi na cha nje cha kuzuia maji, na mbele lina kibaraza cha kuwekea mabuti na mifuko. Alivua helmeti, akaingia na tai yake, akalala chali, akaniambia nimwage. Nilimwaga kwa ubavu, kama mvua ya kwetu. Tukasubiri. Sauti yake ikatoka ndani ikisema nimwage tena, na nisimwonee huruma.

Alipotoka mkavu, alipima fito zilizokunjwa dhidi ya usukani wa pikipiki. Zilitakiwa zisizidi upana wake, kwa sababu njia za vihambani, yale mashamba yetu yanayozunguka nyumba, ni nyembamba na migomba haimpishi mtu. Mwisho ikabaki rangi. Hema la aina hiyo lilikuwepo la kijani na la rangi ya chungwa, na muuzaji alimshauri la kijani kwa kuwa halionyeshi uchafu. Mwalimu alichagua la chungwa. Alisema siku akipotea anataka atafutwe na aonekane.

Nilimshonea mfuko wa turubai nene wa kulibebea, ili lisiungue kwenye ekzosi. Karatasi ngumu ya kutandika chini niliikata iwe ndogo kuliko sakafu ya hema, maana ikichomoza nje inakinga maji na kuyaleta chini ya mgongo wako. Kabla hajasafiri nalo alilala ndani yake kihambani kwake mwenyewe wiki nzima ya mvua, majirani wakidhani nyumba imemshinda. Vijana wa pikipiki walipoanza kumwomba ushauri wa mahema, naye akawa na jibu moja: "Usilichague kwa jua la dukani. Lichague kwa mvua unayoiogopa."

Sasa nieleze ile mvua yenyewe.

Karibu na msitu kuna mtaa mdogo ambao wakati huo kanisa lake lilikuwa kuta tu. Walisali chini ya turubai. Mzee wa kanisa wa mtaa ule alikuwa mama mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, aliyelea wajukuu wawili wa kike. Kila Mwalimu alipokwenda, mama huyu alimwambia kitanda kipo. Kila mara Mwalimu alishukuru na kwenda kufunga hema lake pale penye kuta. Ilifika mahali mama hakumwambia tena. Alimpa chai, akaingia zake ndani.

Mwanzoni mwa masika nilikwenda naye, nyuma ya pikipiki, kuwapima wanakwaya majoho mapya kabla ya siku ya kuchangia bati za kanisa. Mimi nilifikia kwa yule mama. Mwalimu alifunga hema lake kwenye kona ya kuta mbili, akalikinga na upepo wa juu, akakaza kila kamba, akapigilia vigingi kwa jiwe. Mama alimtazama kutoka mlangoni, na kwa Kichagga alisema neno ambalo sitaliandika.

Ilikuwa saa kumi jioni. Ukungu ulishuka kwanza, kisha ukaondolewa ghafla kama mtu aliyefunua shuka, na upepo ukaja. Nilisikia miti ikilia kabla sijasikia mvua. Mgrevilea uliokuwa nyuma ya jiko uliangukia jiko. Wakati tunatazama hilo kupitia dirishani, bati la kwanza likaachia juu ya vichwa vyetu, likafuatwa na la pili, kisha upande mzima wa paa ukanyanyuka na kwenda bondeni. Mvua ikaingia ndani ya nyumba kama imefungiwa nje siku nyingi. Wajukuu walikuwa chini ya meza. Mama alisimama katikati ya chumba, ameshika sufuria, anatazama mbingu mahali palipokuwa na dari.

Kwa jirani kulikuwa ng'ambo ya korongo, na korongo lilikuwa limeshajaa. Nikawashika watoto mikono tukatoka. Mwalimu alikuwa anakuja kutufuata, ameinama, kofia ya sufu imelowa. Radi ilipiga na sikumwona akishika tai. Alimbeba mtoto mdogo, tukakimbia mpaka kwenye kuta, na pale pembeni hema lilikuwa limekaa, rangi ya chungwa, linatetemeka kila mahali lakini halijaachia kamba hata moja. Watoto wakaingia. Mimi nikaingia. Mama akabaki nje.

Mvua inampiga usoni, naye amesimama.

"Mwalimu," alisema, "nyumba yangu uliikataa. Mimi niingie ya kwako kwa sababu gani?"

Mwalimu alivua kofia yake, pale pale mvuani.

"Nimekukosea, mama. Naomba uingie."

"Tutaongea ndani," mama alisema, akainama akaingia.

Hema lile lilitengenezwa kwa watu watatu wasio na mizigo. Tulikuwa watano. Mwalimu alikaa kwenye kibaraza na mabuti, magoti yamemfika kidevuni. Alikuwa na chupa ya chai na kikombe kimoja, akawapa watoto kwanza, kisha mama. Mama alionja, akasema chai haina sukari. Mwalimu akaomba radhi. Nikajua basi, tumepona, maana mgeni akishalalamikia chai amekubali kuwa mgeni.

Upepo ulilala upande mmoja wa hema mpaka kitambaa kikatugusa mabega, kisha ukaliachia, nalo likarudi mahali pake. Hakuna tone lililoingia. Katikati ya kelele hizo Mwalimu alimsimulia mama habari ya wale watoto waliolala jikoni zamani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atalainika.

"Mimi nani alikutuma unihesabie kuku?" aliuliza. "Kuku ni wangu. Nikitaka kumchinja, ni mimi nimetaka. Wewe ukaja hapa mwaka hadi mwaka, ukatazama uani kwangu, ukaona umaskini. Hukuona kwamba nilikuwa nataka mtu wa kuongea naye mezani."

Mvua ilipopungua, mjukuu mkubwa alianza kuimba polepole wimbo wa mazoezi ya siku ile, kwa kuwa aliogopa. Mimi nikaingia na alto. Mama akashika ya tatu, sauti ya wanaume, kama kawaida yake. Mwalimu, kule kwenye mabuti, aliimba besi ambayo haikuwa yake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki.

Kesho yake watu walikuja kutoka kila kihamba. Bati zilizokuwa zimeshatangulia kuletwa kwa ajili ya kanisa, wazee waliamua palepale ziende kwa mama kwanza. Mwalimu alipanda juu ya paa na tai yake, akashikilia misumari. Kazi ilipokwisha alikwenda kwenye mpaka wa kihamba akakata jani la isale, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha, akalipeleka mlangoni kwa mikono miwili. Mama alilipokea. Akamwambia aingize mifuko yake. Jioni hiyo kuku alichinjwa, Mwalimu akapewa firigisi, akaila yote, na akalala ndani ya nyumba chini ya bati mpya. Asubuhi mama aliwatangazia wote waliopita kwamba Mwalimu anakoroma.

Hema hakuliacha. Aliendelea kupanda nalo, na lilimlinda sehemu nyingi ambako hakuna mlango wa kubisha. Lakini akifika penye watu aliuliza kwanza. Nilisikia kwamba mitaa ya juu iligombana kidogo juu ya zamu ya kumlaza.

Masika iliyopita alipasuliwa jicho mjini. Daktari alimtaka arudi kuangaliwa baada ya siku chache, na Machame ni mbali kwa mtu mwenye kitambaa usoni. Nilimpigia simu nikamwambia aje kwetu Shirimatunda, karibu na mjini tunakokaa siku hizi, chumba kipo. Nilijiandaa kwa ubishi. Aliuliza tu kama alete blanketi.

Alifika mchana. Alikuwa amezeeka, shingo imetangulia zaidi, tai imefungwa vilevile. Mume wangu alimpa shikamoo, naye akajibu, "Marahaba, Besi," akapapasa ukuta mpaka akapata kiti. Alituambia daktari ameridhika, na kwamba jicho likikubali pikipiki itatoka tena baada ya mvua, maana kule chini kuna kwaya mpya ya vijana ambao wanaimba kwa nguvu sana na hawajui bado wanaimba nini. Aliyasema hayo kwa hamu kubwa. Lile kanisa dogo lililo karibu na msitu, alisema, limeezekwa tayari, na yule mama amewarekodi wanakwaya kwenye simu na kumtumia. Akatusikilizisha. Waliimba vizuri. Akasema sasa wanaweza kuanza.

Jioni nilipika mtori. Alikula bakuli lake, akaongezewa, akala na hilo. Nje mvua ilikuwa inanyesha taratibu, ile ya kupandia. Nikamwonyesha chumba, nikamwonyesha swichi ya taa na mahali pa ndala. Alikaa kitandani, akakipima kwa kiganja, akaridhika. Nilikuwa nafunga mlango aliponiita.

"Alto. Kesho mnapika nini?"

Nilisema bado sijafikiria.

"Mimi ningependa kiburu," alisema. "Maharage yawe mengi."

Nikarudi jikoni kuyaloweka.